Kung'atuka Upande Huu wa Mpaka

Kiswahili kina maneno mengi ya kupata cheo. Mtu huchaguliwa, huteuliwa, huapishwa, hutawazwa, hupandishwa ngazi. Maneno ya kukiacha cheo ni machache, na mawili kati yake yana hadithi. La kwanza ni kujiuzulu. Kumuuzulu mtu ni kumwondoa madarakani, kwa hiyo anayejiuzulu anajifanyia mwenyewe kile ambacho kwa kawaida hufanyiwa na wapinzani wake. La pili ni kung'atuka. Hili Julius Nyerere alilichota kwenye lugha ya kwao, Kizanaki, na likazoeleka midomoni mwa watu alipokuwa akijiandaa kuachia urais wa Tanzania mwaka 1985.

Butiama, kijiji cha Nyerere, si mbali na sisi. Ukitoka Migori mjini unapita Isebania, unavuka Sirare, unashika barabara ya Tarime kuelekea Musoma, na kabla ya jua kutua umefika. Tunatumia ziwa moja. Wakuria wako pande zote mbili za mpaka, na Wajaluo vilevile. Mahindi yanavuka, dagaa wanavuka, ng'ombe nao wanavuka, tena bila kupanga foleni. Neno kung'atuka pia lilivuka na tunalielewa vizuri tu. Shida ni kwamba upande huu halijapata kazi nyingi.

Mimi naandika nikiwa Rongo. Niliacha chuo mwaka wa tatu, na tangu hapo naishi kwa kuandika chochote ambacho kuna mtu yuko tayari kukilipia: hotuba za harambee, wasifu wa marehemu, barua za kuomba kazi. Kuacha kwangu hakukuwa na uzito wa kitaifa. Lakini kulinifanya nisikilize jinsi watu wa kwetu wanavyolitamka neno hilo, weyo kwa Dholuo. Ukisema umeacha, mara nyingi swali la kwanza si "kwa nini?" Swali ni, "Na sasa umebaki na nini?"

Ni swali zuri kuliko linavyosikika. Nimekuwa nikiliuliza historia ya eneo hili, yaani Homa Bay na Migori ambazo zamani zilikuwa wilaya moja ya Nyanza Kusini, pamoja na majirani wake. Waliowahi kuacha kiti waliacha nini? Walibaki na nini? Na bili ilimwendea nani?

Tuanze na huyo jirani. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baadaye, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu na kumwachia Rashidi Kawawa. Alisema anakwenda kukijenga chama. Kabla mwaka haujaisha alirudi, safari hii akiwa rais. Mwaka 1985 aling'atuka kweli, akamwachia Ali Hassan Mwinyi, lakini uenyekiti wa CCM hakuuachia mpaka 1990. Kwa hiyo hata mfano tunaousifia kila siku una viti viwili ndani yake: kimoja aliachia, kingine akakikalia miaka mitano zaidi. Simpunguzii heshima. Katika Afrika ya 1985 marais wengi walikuwa wanatoka Ikulu kwa jeneza au kwa mtutu wa bunduki, na yeye alitoka kwa miguu yake. Ninachosema ni kwamba kuacha ni jambo la hatua, na kila hatua inafaa kuangaliwa peke yake.

Sasa turudi huku. Mwaka 1957 ulikuwa mwaka wa kwanza Waafrika wa Kenya kuchagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Haikuwa kura ya kila mtu. Masharti ya elimu, mali na utumishi yaliwapa wengine kura mbili au tatu na wengi hawakupewa hata moja. Oginga Odinga alikuwa Ker wa Luo Union, cheo cha uzee na heshima ambacho kwa desturi hakichanganywi na siasa. Alipoamua kugombea aliuachia ukerdom huo, kama naweza kuuita hivyo, akaenda kuomba kura Nyanza ya Kati. Aliyemshinda pale hakuwa mtu mdogo. Alikuwa Apolo Ohanga, Mwafrika wa kwanza kuwa waziri Kenya.

Waafrika wanane walichaguliwa. Orodha yao leo inasomeka kama mkutano usiowezekana: Odinga, Tom Mboya wa Nairobi, Masinde Muliro, Ronald Ngala, Daniel arap Moi, Bernard Mate, James Muimi, na Lawrence Oguda aliyewakilisha Nyanza Kusini, kwetu. Serikali ya kikoloni ilikuwa tayari na uwaziri mkononi. Wote wanane wakaukataa. Walisema katiba ya Lyttelton haikuwa yao, na kwamba viti vinane kwa mamilioni ya watu ni matusi.

Hebu fikiria Oguda. Anatoka eneo ambalo Nairobi ililiona kama mwisho wa barabara. Analetewa nafasi ya mtu wa kwao kukaa serikalini, na anasema hapana. Waliompigia kura wangeweza kuuliza lile swali: sasa tumebaki na nini? Jibu lilikuja mwaka huohuo. Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Alan Lennox-Boyd, alifika Nairobi, na katiba mpya ikaongeza viti sita. Wakawa 14. Walikataa kiti kimoja chenye zulia wakapata benchi refu zaidi.

Hiyo ndiyo aina ya kwanza ya kuacha: unaacha chako ili nafasi ziongezeke kwa wengine. Ilijirudia mwaka 1961. KANU ilipata viti 19 na KADU 11, lakini KANU ikakataa kuunda serikali wakati Jomo Kenyatta bado amezuiliwa. Tom Mboya, ambaye kwao ni Kisiwa cha Rusinga, alikuwa katibu mkuu wa chama kilichoshinda na kubaki nje. KADU ya Ngala ikaingia. Kenyatta aliachiliwa Agosti mwaka huo, na kwa kuwa hakuwa na kiti, Kariuki Njiri alijiuzulu chake cha Fort Hall ili Mzee apate pa kukalia Januari 1962. Shule ya msingi na ya upili nilimsoma Kenyatta kila mwaka. Njiri sikumsoma hata siku moja. Aliyekalia kiti ana barabara, uwanja wa ndege na noti. Aliyempisha anabaki mstari mmoja katika vitabu vya wataalamu.

Aina ya pili ni ile ya 1966, na hapo ndipo Nyanza Kusini inaingia katika hadithi kwa njia ambayo bado watu hawapendi kuizungumza mezani.

Kufikia wakati huo Odinga alikuwa Makamu wa Rais, na hakubaliani na Kenyatta kuhusu ardhi, kuhusu mali za walowezi, kuhusu Mashariki na Magharibi. Machi 1966 KANU ilikutana Limuru. Cheo chake cha makamu wa rais wa chama kikavunjwa vipande vinane, kimoja kwa kila mkoa na kimoja kwa Nairobi. Aliyeupanga mkutano ule hatua kwa hatua alikuwa katibu mkuu, Tom Mboya. Wajaluo wawili, mmoja wa Bondo na mmoja wa Rusinga, ghuba moja ya ziwa kati yao, na mmoja anamtengenezea mwenzake mlango wa kutokea.

Tarehe 14 Aprili 1966 Odinga alijiuzulu. Alisema nchi ilikuwa inaendeshwa na serikali isiyoonekana na kwamba yeye asingeendelea kukaa pale kama pambo. Karibu wabunge 30 walijitenga na KANU pamoja naye, na chama cha KPU kikazaliwa. Serikali haikungoja. Wiki mbili baadaye katiba ilikuwa imeshabadilishwa: mbunge anayehama chama kilichompeleka bungeni sharti arudi kwa wapiga kura. Baadhi ya waliohama walipoona hivyo wakataka kurudi KANU haraka, lakini wapi, mlango ulikuwa umeshafungwa. Juni wakaenda kwenye ule uchaguzi mdogo mkubwa. KPU iliambulia viti tisa, saba katika Baraza la Wawakilishi na viwili katika Seneti, ingawa hesabu ya kura kwa jumla ilionyesha watu wengi zaidi waliipigia KPU kuliko KANU.

Nyanza ya Kati ilimfuata Odinga. Nyanza Kusini haikumfuata hivyo. Samuel Ayodo wa Kasipul-Kabondo alikuwa waziri na alibaki waziri. Mboya alibaki. Siku moja nilimuuliza mzee mmoja wa Karachuonyo, aliyekuwa kijana mwaka ule, kama huku walimwelewa Jaramogi.

"Tulimwelewa, nyathina," akasema. "Lakini sisi tulikuwa na Tom. Mtu wako akiwa ndani unaweza kubisha. Akitoka, unabisha kwa nani?"

"Na mzee, baadaye mlionaje?"

Alinyamaza, akageuza mkongojo. "Baadaye wote wawili hawakuwa ndani."

Ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 5 Julai 1969 Mboya alipigwa risasi Nairobi, barabara ambayo leo ni Moi Avenue, akiwa na miaka 38. Akaletwa kuzikwa Rusinga. Tarehe 25 Oktoba Kenyatta alifika Kisumu kufungua hospitali, akarushiana maneno na Odinga mbele ya umati, na walinzi wakafyatua risasi kwenye watu. KPU ikapigwa marufuku siku chache baadaye, na Odinga na wenzake wakawekwa kizuizini. Aliyeachia hakuwa na kiti, na aliyebaki hakuwa na uhai. Bili iliwaendea wale waliosimama barabarani Kisumu, ambao hawakuwa wamejiuzulu wala kuteuliwa popote.

Kuna mwingine wa mwaka huohuo ambaye watu humsahau. Nafasi ya Odinga ilikwenda kwa Joseph Murumbi, na kabla mwaka haujafika mbali Murumbi naye akajiuzulu. Makamu wawili wa rais katika mwaka mmoja, kila mmoja kwa hiari yake! Murumbi hakuunda chama. Alirudi kwenye vitabu vyake na sanaa zake, ambazo leo ziko kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, na akajenga nyumba kubwa shambani Intona, huko Transmara, jirani kabisa na Migori. Alibaki na alichokipenda. Bili yake ilikuwa ndogo, na labda ndiyo maana hatujui tumweke wapi. Mtu aliyeondoka kimya hatuachii wimbo.

Baada ya hapo Kenya ilivumbua aina ya tatu, ambayo ina jina lake kabisa: kukaa kando. Februari 2006, kashfa za Goldenberg na Anglo Leasing zilipochemka, mawaziri David Mwiraria, Kiraitu Murungi na George Saitoti walikaa kando. Saitoti na Murungi walikuwa wamerudi mezani kabla mwaka haujaisha, Mwiraria akarudi mwaka uliofuata. Kukaa kando ni kama kumwachia mwenzako kiti kwenye matatu huku umeweka mkoba wako juu yake. Kila mtu anajua unashuka kununua maji.

Halafu kuna aina ya nne, na hii ni ya kwetu Homa Bay, ya juzi.

Mwaka 2022 John Mbadi, aliyekuwa mbunge kutoka Suba, kiongozi wa wachache bungeni na mwenyekiti wa kitaifa wa ODM, alikuwa anautaka ugavana wa Homa Bay. Gladys Wanga, mwakilishi wa wanawake wa kaunti, alikuwa anautaka pia. Oyugi Magwanga naye alikuwa mbioni. Chama kikawakalisha. Wakatoka kwenye kikao na matokeo: Wanga apewe tiketi moja kwa moja, Magwanga awe mgombea mwenza, Mbadi aachie. Na Mbadi akaachia. Agosti Wanga alimshinda Evans Kidero, gavana wa zamani wa Nairobi, akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza kaunti yetu jirani. Mbadi akaingia bungeni kwa kuteuliwa. Agosti 2024, baada ya vijana kujaa barabarani na Rais William Ruto kuvunja baraza lake la mawaziri, Mbadi akawa Waziri wa Fedha. Kwa kazi hiyo alilazimika kuacha uenyekiti wa ODM, na uenyekiti huo ukaenda kwa Wanga.

Watu wengi huku huisimulia hadithi hii kama somo la subira. Mwenye kuachia haachwi, wanasema, tazama Mbadi sasa anashika mkoba wa nchi nzima. Naielewa hiyo furaha. Kura za mchujo kwetu zimewahi kuleta mawe na marungu, na kikao kinachomaliza ugomvi bila damu si kitu cha kudharau. Pia ni kweli kwamba bila kuachiwa, huenda mwanamke angesubiri sana kufika pale.

Ila nikiuliza maswali yangu matatu, la tatu linanikwama kooni. Mbadi aliacha nini? Nafasi ya kugombea. Amebaki na nini? Zaidi ya alichoacha. Na bili? Bili ilimwendea mpiga kura wa ODM wa Ndhiwa, wa Kasipul, wa Mbita, ambaye alikuwa na wagombea watatu wa maana wa kuchagua, na siku ya kuchagua ilipofika akakuta wameshachaguliwa. Kile kiti kilichoachiwa kwa ukarimu wote ule hakikuwa cha aliyekiachia. Mtu hutoa zawadi ya kilicho chake.

Hapo ndipo naona tofauti kati ya 1957 na 2022, na si tofauti ya tabia za watu. Oguda na wenzake walipokataa uwaziri, nafasi ziliongezeka. Kikao kilipowapanga Wanga, Magwanga na Mbadi, nafasi zilipungua mpaka moja, na walioamua walikuwa wachache kuliko waliopungukiwa. Ajabu ni kwamba sheria ya 1966, iliyotungwa kwa haraka na kwa nia ya kumkomoa Odinga, ilikuwa na wazo sahihi ndani yake: ukiacha, kirudishe kiti kwa wenyewe. Wazo hilo liko mpaka leo katika Katiba ya 2010, kwamba mbunge anayekihama chama chake anapoteza kiti na wananchi wanapiga kura upya. Sheria mbaya wakati mwingine huzaa mtoto mwema.

Na Migori je? Migori yetu ina hadithi isiyo na mashujaa, na mimi naipenda kwa sababu hiyohiyo. Okoth Obado alichaguliwa gavana mwaka 2013 kwa chama cha PDP, akiishinda ODM katika ngome yake. Mwaka 2017 akarudi, safari hii kwa tiketi ya ODM yenyewe. Mwaka 2022 akaondoka na Ochilo Ayacko akaingia. Obado hakung'atuka, hakujiuzulu, hakukaa kando. Katiba inasema gavana anahudumu vipindi viwili, na viwili vilikuwa vimekwisha. Hakuna aliyelazimika kumbembeleza wala kumshukuru. Tarehe ilifika, basi.

Juni 2024 vijana wa rika langu waliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, Migori na Homa Bay zikiwemo. Bango lililorudiwa zaidi lilikuwa linamtaka mtu fulani ajiuzulu. Hakujiuzulu. Mswada uliondolewa, baraza likavunjwa, na Oktoba mwaka huo Bunge likamwondoa Naibu wa Rais Rigathi Gachagua ambaye naye alikataa kuondoka kwa hiari. Tulikuwa tunaomba kwa sauti kubwa kitu ambacho nchi hii imekifanya kwa nadra mno. Tulikuwa tunaomba 1966, bila kukumbuka kwamba 1966 ilikuja na 1969.

Ndiyo maana siku hizi sifurahishwi sana na wito wa kiongozi mwenye moyo wa kuachia. Moyo huo upo, historia yetu inao, kuanzia Oguda mpaka Murumbi. Lakini huwezi kujenga kaunti juu ya moyo wa mtu mmoja, maana akiwa hana utafanya nini? Ninachotaka ni tarehe, kura, na hesabu.

Mtaa ninaokaa hapa Rongo kuna chama cha akina mama, kina mama kumi na wanane, wengi wauza samaki na mboga. Pesa zao ziko kwenye sanduku la bati lenye kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa kwa mtu tofauti. Kila Desemba wenye funguo hubadilishwa, hata kama walifanya kazi vizuri, hasa kama walifanya kazi vizuri. Mama mweka hazina anayemaliza muda hatoi hotuba ya kuaga. Anafungua sanduku mbele ya wote, anahesabu noti kwa sauti mpaka ya mwisho, anataja jina la kila anayedaiwa, halafu anamkabidhi mwenzake ufunguo na kwenda kukaa kwenye mkeka pamoja na wengine. Hapo hakuna anayemuuliza amebaki na nini. Wote wameona.